Miaka mitatu ya kutibu fangasi nisiyokuwa nayo

Hedhi yangu ya mwisho niliipata nikiwa na miaka 51. Kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa majoto ya ghafla, jasho la usiku na usingizi wa kukatikakatika, nilidhani nimejiandaa kwa yote. Majoto yalikuja, yakanisumbua kwa muda, kisha yakapungua yenyewe. Jambo ambalo hakuna aliyenitajia, si mama yangu wala shangazi zangu ambao hawakuwa na haya ya kuzungumza mengine yote, ni kwamba uke nao hubadilika baada ya hedhi kukoma, na kwamba ukavu wake haupoi kwa kungojwa kama majoto. Ukiachwa bila tiba, kwa kawaida huendelea.

Sikuutambua kwa sababu haukuanzia mahali ambapo ningeutarajia. Laiti ungeanzia kitandani, pengine ningeuhusisha mapema na umri wangu. Kwangu ulianzia chooni. Nilianza kusikia mwasho mkali mwishoni mwa haja ndogo, si ndani ya njia ya mkojo bali nje, pale ambapo tone la mwisho hugusa ngozi, kama chumvi juu ya mchubuko. Baadaye nikawa siwezi kukaa kwa muda mrefu. Nakumbuka kikao kimoja cha kazi cha saa 3 ambacho nilikikaa kwa tako moja, nikibadilisha upande kila baada ya dakika chache, hadi mwenzangu wa kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina jipu. Nikamjibu kwamba ni mgongo.

Kwa mwanamke aliyewahi kupata fangasi ujanani, mwasho wowote wa sehemu zile una jina moja tu. Nilikwenda duka la dawa, nikaomba dawa ya fangasi ya kuingiza ukeni pamoja na krimu yake, nikapewa bila kuulizwa umri wala dalili. Krimu ilinituliza kwa siku chache, na utulivu huo ndio ulionipotosha zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ulinithibitishia kwamba nilikuwa sahihi. Leo naelewa kwamba kilichonituliza hakikuwa dawa bali mafuta na unyevu uliobeba dawa ile. Mwasho uliporudi, nilihesabu kwamba fangasi imekuwa sugu, nikanunua tena. Katika miaka mitatu nilirudia tiba hiyo mara 8 au 9, na hakuna hata mara moja ambapo mtu alichukua majimaji ya ukeni na kuyaangalia kwa darubini.

Kosa la pili nililifanya bafuni. Niliamini kwamba mahali panapowasha hapajawa safi vya kutosha, kwa hiyo nikaanza kuosha kwa sabuni asubuhi na jioni, kisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na wakati fulani kwa dawa ya kuulia vijidudu niliyoipunguza makali kwa maji. Ngozi iliyokuwa tayari imekonda nikawa naisugua na kuikausha kila siku, halafu nashangaa kwa nini inachanika. Nayaandika haya kwa aibu kidogo, lakini nayaandika kwa sababu nimekwisha kukutana na wanawake wengi mno waliofanya hivyo hivyo.

Kisha ikaja U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Katika mwaka mmoja nilipewa antibayotiki mara 4 kwa maumivu ya mkojo na haja ya kukimbilia chooni. Mara moja tu mkojo ulioteshwa maabara na bakteria wakaonekana. Mara nyingine nilitibiwa kwa maneno yangu mwenyewe. Nilianza kujiona kama mtu ambaye mwili wake umeharibika kila upande.

Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika kimyakimya. Tendo la ndoa lilikuwa limegeuka kitu cha kuvumilia, na baada ya usiku mmoja ambapo niliona damu kwenye shuka, likawa kitu cha kukwepa. Nilijifunza kulala mapema kuliko mume wangu, au kujifanya nimelala. Nilibaki na kazi za nyumbani usiku ambazo zingeweza kungoja asubuhi. Yeye hakunilalamikia. Jioni moja tu, tukiwa tumekaa na televisheni imezimwa, aliniuliza, “Mama, nimekukosea nini?” Nikamwambia hakuna. Lilikuwa jibu la kweli na la uongo kwa pamoja, na lilimwacha na dhana aliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwamba simtaki tena.

Kilichoniokoa ni kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ambacho nilikuwa nimekiahirisha mara mbili. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alipojaribu kuingiza kile kifaa cha kupanulia uke nilipiga ukelele, naye akakiondoa palepale. Hakunikaripia wala kuniambia nilegee. Alichukua kifaa kidogo zaidi, akakipaka kilainishi, akaniambia nikimwambia aache ataacha. Alipomaliza kuangalia, alichukua kipande cha karatasi ya manjano ya kupimia tindikali, akakigusisha kwenye ukuta wa uke, akanionyesha kikiwa kimebadilika rangi, kisha akakilinganisha na chati iliyokuwa kwenye boksi lake. Ilisoma 6. Akaniuliza ni dawa gani nimekuwa nikitumia. Nilipomtajia orodha yote alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama yangu, umetibu kila kitu isipokuwa kile unachoumwa.”

Maelezo aliyonipa siku ile nimeyabeba hadi leo, na nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Ukuta wa uke huishi kwa estrojeni. Homoni hiyo ikiwapo, ukuta huwa na tabaka nene la seli, hupata damu ya kutosha, hukunjika kwa mikunjo inayouwezesha kutanuka, na seli zake huhifadhi aina ya wanga ambayo bakteria rafiki, wale wa jamii ya laktobasili, huitegemea kutengeneza tindikali. Ndiyo maana uke wa mwanamke anayepata hedhi huwa na pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba yake hupanda tindikali inapopungua, ya kati ya 3.5 na 4.5 hivi, kiwango kisichowapendeza wavamizi. Estrojeni ikishuka, tabaka hukonda, mikunjo hunyooka, damu hupungua, bakteria rafiki hupungua, na pH hupanda kupita 5. Uke huwa mfupi na mwembamba zaidi, hupauka, na hutoa damu kwa kuguswa tu. Tishu za mrija wa mkojo na kibofu nazo huitegemea homoni hiyo hiyo, kwa hiyo mwasho wa mkojo, kukimbilia chooni na maambukizi ya mara kwa mara ni matawi ya mti mmoja. Kwa sababu hiyo, 2014, vyama viwili vya wataalamu viliamua kuacha jina la zamani lililotaja kusinyaa kwa uke peke yake, vikachukua jina linaloujumuisha mfumo wa mkojo. Karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupata dalili hizi kwa kiwango fulani.

Na fangasi? Fangasi, aliniambia, hupenda uke wenye estrojeni na wanga wake. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, asiye na kisukari na asiyetumia homoni, si kitu cha kawaida, na mwasho wake lazima uchunguzwe kabla ya kupewa jina. Yeye mwenyewe aliangalia kwa makini kama nina mabaka meupe kwenye mashavu ya uke, kwa maana upo ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi unaowasha sana, unaofanana na ukavu kwa dalili lakini unaotibiwa kwa dawa tofauti kabisa. Sikuwa nao.

Jambo moja hakukubali kulipuuza: ile damu kwenye shuka. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba ni mchubuko tu, na kwa kweli ilikuwa hivyo, lakini daktari alisema damu yoyote baada ya hedhi kukoma huchunguzwa kwanza na kuelezwa baadaye, hata kama maelezo yanaonekana dhahiri, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya mfuko wa uzazi. Nilifanyiwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Utando wa ndani ya mfuko wa uzazi ulikuwa milimita 3, na unapokuwa milimita 4 au chini ya hapo uwezekano wa saratani huwa mdogo sana. Wiki ile ya kungoja majibu nisingependa kuirudia, ila ningeirudia kuliko kutojua.

Tiba ilianza kwa kuacha: sabuni, chumvi, dawa za fangasi, pedi za kila siku zenye manukato. Maji matupu kwa nje, basi. Kisha nikafundishwa tofauti ambayo wanawake wengi hawaijui, nami sikuijua, kati ya kilainishi na kile ninachokiita kilowanishi kwa kukosa neno zuri zaidi. Kilainishi ni cha tendo la ndoa. Kinapunguza msuguano kwa wakati ule, kisha kazi yake imekwisha. Kilowanishi ni cha uke wenyewe; huwekwa kila baada ya siku 2 au 3 kama mtu anavyopaka losheni mikono iliyokauka, awe ana mpango wa kukutana na mumewe au hana, na hushikamana na ukuta wa uke kikitunza unyevu. Mwanamke anayetumia kilainishi peke yake huku ngozi ikiwaka mchana kutwa anamwagilia mmea siku ya wageni tu.

Kilainishi changu cha kwanza kiliniunguza. Kilikuwa na harufu, na boksi lilijisifia kwamba kinatoa joto, joto kilitoa. Daktari aliniambia nisome viambato, niepuke manukato, ladha na vile vyenye gliserini nyingi, kwa sababu kilainishi chenye ukolezi mkubwa kupita kiasi huvuta maji kutoka kwenye seli na kuzidhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha ukolezi huo, 1200 kwa kipimo kinachoitwa osmolaliti, na linashauri pH ya karibu 4.5 kwa matumizi ya ukeni. Si kila boksi linaandika namba hizo, na mimi nimejiwekea sheria kwamba kampuni isiyoziandika wala kuzijibu inapoulizwa sinunui bidhaa yake. Vilainishi vya maji hukauka upesi lakini huoshwa kwa urahisi. Vya silikoni hudumu zaidi, navyo ndivyo vilivyonifaa. Mafuta huharibu kondomu za mpira, na mafuta ya mgando hayafai ndani ya uke hata kwa wasiotumia kondomu, ingawa najua kuna kopo lake pembeni mwa vitanda vingi.

Baada ya miezi miwili nilikuwa nimepata nafuu ya nusu. Kukaa kuliwezekana. Mkojo bado uliwasha, na uke bado ulikuwa mkavu na mwembamba, kwa kuwa kilowanishi hakijengi tabaka lililopotea. Daktari akaniandikia estrojeni ya ukeni: vidonge vidogo vya mikrogramu 10, kimoja kila usiku kwa wiki 2, kisha viwili kwa wiki. Alisema ningeweza kuchagua krimu badala yake, au pete laini inayokaa ukeni siku 90. Nilichagua vidonge kwa sababu havichafui.

Nilivinunua, nikavipeleka nyumbani, nikakunjua karatasi ya maelezo chini ya taa ya kitandani, nikasoma: kiharusi, damu kuganda, saratani ya matiti, kupoteza kumbukumbu. Nikaikunja karatasi, ingawa haikukubali kurudi katika mikunjo yake ya awali, nikavifungia droo. Vilikaa humo wiki 7.

Niliporudi kliniki nilitarajia kulaumiwa, badala yake nilipewa hesabu. Maonyo yale, daktari alisema, yalitokana na utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake yalitangazwa 2002, nao ulihusu wanawake waliomeza homoni kila siku, si waliotumia dozi ndogo ukeni. Mwaka wa kwanza wa vidonge vyangu, pamoja na zile wiki 2 za kila usiku, ni vidonge 114, yaani mikrogramu 1140, zaidi kidogo ya miligramu 1. Yupo mwanamke anayemeza miligramu 1 ya estrojeni kila asubuhi. Dozi yangu ya mwaka mzima ilikuwa kama dozi yake ya siku moja, na kiwango cha homoni katika damu yangu kingebaki kile kile cha mwanamke aliyekoma hedhi. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe ilitangaza kwamba itayaondoa maonyo hayo ya kisanduku cheusi, yaani yale mazito zaidi yanayozungushiwa fremu nyeusi, kwenye dawa za homoni za ukomo wa hedhi, isipokuwa lile la saratani ya utando wa mfuko wa uzazi kwa wanaotumia estrojeni peke yake ya kuenea mwili mzima. Nilisikitika kusoma habari hiyo, nikifikiria droo ngapi zimefungwa miaka yote hii.

Simaanishi kwamba dawa hii ni ya kila mtu. Mwenzangu mmoja ambaye amewahi kutibiwa saratani ya matiti, na ambaye bado anameza dawa ya kuzuia estrojeni, aliambiwa aanze na vilowanishi na vilainishi visivyo na homoni, na kwamba neno la mwisho kuhusu estrojeni lazima alipate kwa daktari wake wa saratani. Alifanya hivyo, na ameridhika na alichokipata.

Usiku wa kwanza mkono wangu ulitetemeka. Kijiti cha kuingizia dawa ni chembamba kuliko kalamu, lakini kwangu kilionekana kama mwiko. Niligundua kwamba nikilala chali, nikikunja goti moja na kupaka kilainishi kidogo kwenye ncha, kinaingia bila kukwaruza. Nilitarajia nafuu kesho yake; haikuja. Wiki ya 3, asubuhi, nilitoka chooni nikafika jikoni ndipo nikatambua kwamba mkojo haukuwasha. Nilirudi chooni kana kwamba kuna kitu nimesahau huko. Kuanzia mwezi wa 2 kukimbilia chooni usiku kulipungua kutoka mara 4 hadi mara 1. Ile U.T.I. ya kila msimu ilikoma pia, jambo ambalo halikupaswa kunishangaza, kwa maana tangu 1993 ilikwisha kuonyeshwa kwa majaribio kwamba estrojeni ya ukeni hupunguza maambukizi ya mkojo yanayojirudia kwa wanawake waliokoma hedhi.

Hata hivyo, ngozi ilipopona, maumivu ya tendo la ndoa hayakuondoka yote. Hili lilinikatisha tamaa kuliko mengine. Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa, na bado mume wangu alipokaribia nilihisi mlango umefungwa kwa komeo. Ilibidi nipelekwe kwa mtaalamu wa viungo anayeshughulikia misuli ya nyonga, naye alinieleza kwamba mwili uliotarajia maumivu kwa miaka mitatu hujifunza kukaza misuli kabla hata ya kuguswa, na hausahau kwa sababu tu ngozi imepona. Yale mazoezi ya kubana misuli ninayoyasikia yakisifiwa kila mahali yangeniharibia zaidi. Mimi nilihitaji kinyume chake: kujifunza kuachia. Nililala sakafuni na mto chini ya magoti, nikivuta pumzi hadi tumboni na kuiachia polepole huku nikifikiria misuli ya chini ikishuka kama mtu anayetua mzigo. Nilidhani ni upuuzi. Wiki ya 2 nilihisi kitu kikiachia ambacho sikujua kwamba nilikuwa nimekibana. Baadaye nikatumia vipanuzi laini vya ukubwa tofauti, nikianza na kile cha unene wa kidole kidogo, dakika 10 kila jioni, bila kulazimisha hatua. Ilichukua karibu miezi 4.

Kuna kliniki iliyonishawishi nifanyiwe tiba ya leza badala ya kuhangaika hivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu matumizi hayo ya leza mwaka 2018, ikitaja majeraha ya kuungua na makovu. Nilikataa.

Mume wangu nilimwambia yote katikati ya safari hiyo, na ningemwambia mwanzoni kama ningekuwa na akili niliyonayo sasa. Nilichagua wakati ambao hatuko kitandani, mchana, kwa sababu kitandani kila sentensi ingesikika kama kisingizio. Nilimwambia kwamba ngozi ya ndani imekonda, kwamba ina jina na ina dawa, na kwamba niliposema hakuna alichonikosea nilikuwa nasema kweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama aliwahi kuniumiza bila kujua. Nikamwambia ndiyo. Hakujitetea. Kwa miezi ile tulikubaliana kwamba tutakaribiana bila kuingiliana, na kwamba nikisema basi ni basi, bila maelezo.

Mwaka wa pili nilijaribu kuacha vidonge kwa makusudi, nikijiambia kwamba mwili umekwisha kupona. Wiki 4 za kwanza zilinipa moyo. Wiki ya 7 mwasho ulirudi mahali pale pale, mwishoni mwa mkojo, kwa ukali ule ule. Daktari alinirudisha kwenye dozi ya kila usiku kwa wiki 2, kisha Jumatatu na Alhamisi kama zamani. Nilimuuliza nitaendelea hadi lini. Alisema tutaonana kila mwaka, nimweleze nikiona damu, na kwa mengine niendelee maadamu inanifaa. Kisha akaandika kwenye faili langu neno moja, “Aendelee”, bila kuweka tarehe ya mwisho.